Mbuzi wa Dada Wana Majipu

Pale njia mbili zinapokutana, kati ya bucha na duka lililofungwa tangu mwenyewe alipohama, pana benchi la mbao ambalo zamani lilikuwa ubavu wa kitanda. Mguu wake mmoja ni tofali. Ukikaa upande wa tofali unakuwa juu kidogo ya wenzako, na kila anayekaa hapo huanza kusema kama mkuu wa kitu fulani. Upande wa pili, chini ya kipande cha turubai, anakaa fundi viatu ambaye mtaa mzima unamwita Soli: sanduku la misumari, msharasi wa kutobolea ngozi, gundi inayonuka mpaka barabarani, na mgongo uliokwishachukua umbo la kazi. Karibu na ukuta, mwanamke wanayemwita Shangazi huweka jiko lake na birika la kahawa. Vikombe ni kumi, vyenye vishikio ni vinne, na wateja wa kudumu wanavijua kimoja kimoja. Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, Soli alikuwa ameshika kiatu kile kile nusu saa nzima bila kukitia sindano, na kila aliyefika aliliona hilo kabla hajakaa.

Wa kwanza kusema alikuwa Kisu, mwenye bucha, aliyevuka barabara na aproni yake yenye damu ya asubuhi.

— Soli, hicho kiatu unakishona au unakihurumia?

— Niache, ndugu yangu. Nina mbuzi kichwani.

— Nani mbuzi? aliuliza Wakili, tayari kukasirika. Huyu ni yule anayekaa na taipureta nje ya mahakama, akiwaandikia watu barua na maombi. Jumamosi mahakama imefungwa, basi sheria zote huzileta benchini.

— Mbuzi wa dada yangu. Watano. Anataka niwachukue.

— Hongera! alisema Kisu. Watano! Na wewe unakaa hapa umenuna kama umenyang'anywa?

— Wana majipu.

Kisu akarudisha mkono aliokuwa ameunyoosha kumpa hongera.

Soli akaeleza. Dada yake mkubwa anaishi peke yake, mwendo wa saa moja kutoka hapo. Mwezi uliopita aliteleza zizini, akavunjika kifundo cha mkono. Mwanawe ameamua akaishi naye mjini, ghorofa ya tatu, na kesho Jumapili anakuja kumchukua. Ghorofa haina zizi. Basi jana magharibi dada akapiga simu, akasema maneno machache kama kawaida yake: "Mbuzi wangu nakupa wewe. Wana majipu ya tezi, sikufichi. Nijibu kesho kabla ya adhuhuri." Akakata.

— Ukasemaje?

— Ningesema nini? Amekata!

Alfajiri Soli alikwenda kumvizia afisa mifugo nyumbani kwake, akamkuta mlangoni akipiga mswaki. Yule bwana akamjibu na povu mdomoni. Hayo majipu yanaambukiza, alisema. Jipu likipasuka, usaha unamwagika zizini, na unaweza kukaa kwenye udongo miezi na miezi. Dawa ya kuponya kabisa hakuna. "Ukimwingiza mmoja," alisema, akatema, "hesabu umewapa wote."

Na Soli alikuwa na wa kupewa. Nyuma ya nyumba yake kuna mbuzi watatu, mmoja ana mimba, na wote ni wa mkewe. Maziwa yao ndiyo yanayoendesha nyumba zile wiki ambazo watu wote wanatembea na viatu vizima.

— Shemeji anasemaje? aliuliza Shangazi.

— Amesema, "Dada ni wako, mbuzi ni wangu. Amua."

— Huyo mwanamke angekuwa hakimu, alisema Wakili kwa heshima.

— Sasa hapo tatizo ni nini? Kisu alikuwa ameshapata akili mpya. Chukua wote watano, wapitishe hapa kwangu kabla hawajafika kwako. Zizi lako linabaki safi, dada yako amefurahi, mtaa umekula. Nyama haina jipu ikishaiva.

— Leo sinunui kwako, alisema Shangazi.

— Nasema kwa mfano!

— Na jana umeniuzia kwa mfano?

— Halafu hataki wachinjwe, alisema Soli. Angetaka kuwachinja angeniita mimi kwa nini?

Hapo akafika Daktari. Daktari alifua mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa, na alipostaafu aliondoka na koti moja jeupe na imani kwamba amesoma. Alielezwa habari yote kutoka mwanzo, na watu watatu kwa pamoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Akafumba macho. Akakaa upande wa tofali.

— Usaha, alisema. Usaha mimi naujua. Miaka kumi na tisa nimeishi na usaha. Mnajua siri ya shuka lenye usaha?

— Hatujui na tunakunywa kahawa, alisema Shangazi.

— Maji ya moto! Unalichemsha nusu saa, unalisuuza, unalianika. Shuka linarudi wodini kama limezaliwa leo. Hakuna mdudu anayevumilia nusu saa.

— Kwa hiyo tumchemshe mbuzi? aliuliza Soli.

— Nusu saa tu.

— Hiyo sisi tunaita supu, alisema Kisu.

Walicheka mpaka tofali likateleza, Daktari akashuka ngazi moja kwa cheo na kwa kimo. Soli naye alicheka, lakini kicheko kilimwishia njiani. Tangu azaliwe hajawahi kumwambia dada yake hapana. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, ana wajukuu, na bado hakujua neno hilo hutamkwaje mbele ya uso ule.

Shangazi akammiminia kahawa.

— Na mkono wake unaendeleaje, huyo dada?

— Mkono? Soli akafikiri. Sikuuliza. Nilikuwa na habari ya mbuzi.

— Tusitoke nje ya mada, alisema Wakili, aliyekuwa amekwishatoa karatasi mfukoni. Hili ni jambo la kimkataba. Mbuzi wanakuja, lakini hawaji kama wakazi. Wanakuja kama wageni. Mgeni ana masharti. Tunachora mstari wa chokaa katikati ya zizi: wazima huku, wagonjwa kule. Anayevuka, amevunja mkataba.

— Na akivunja?

— Anashitakiwa.

— Mbuzi?

— Mwenye mbuzi.

— Mwenye mbuzi si ndiye huyu Soli? Wote watakuwa wake!

Wakili akatazama karatasi yake kwa muda.

— Basi atajishitaki, alisema. Imeshawahi kutokea.

— Chokaa haisaidii kitu, alisema Daktari, ambaye sasa alikuwa anadai upya nafasi yake. Mnasahau kwamba ugonjwa una masikio. Pale wodini nimeyaona kwa macho yangu. Mgonjwa anaingia anatembea, anacheka. Anaambiwa, una ugonjwa fulani. Jioni hiyo hiyo shuka lake linaniletea kazi. Yule wa kitanda cha jirani alisikia tu, hajaguswa, kesho yake naye yumo!

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo mbuzi wako wazima wasijue. Kuanzia leo, mkiwa zizini, hakuna kutaja majipu. Mnasema wageni wana chunusi.

— Wenyewe wakiuliza? alisema Kisu.

— Wakiuliza, umri wa ujana.

Soli alijikuta anatikisa kichwa kukubali, kisha akajishika. Hivyo ndivyo benchi lile lilivyo. Ukikaa robo saa unaanza kuona mlango mahali ambapo hapana hata ukuta.

Kisu naye hakutaka kupitwa.

— Waweke juu ya paa. Kwako si pana ile sehemu ya zege nyuma? Usaha haupandi ngazi.

— Usaha unashuka, alisema Shangazi. Na mvua, mpaka kwenye ndoo zenu.

— Basi wabadilishane! Sikiliza, hili ni kubwa. Kisu akasimama, aproni ikapepea. Wale watatu wazima wapeleke kwa dada yako, si panabaki patupu? Hawa watano wagonjwa walete kwako. Wanapishana njiani, hawakutani hata kwa salamu. Ugonjwa huku, afya kule. Umemaliza.

Soli aliweka kiatu chini. Kwa muda wa pumzi mbili jambo hilo lilionekana kuwa jibu. Kisha akakumbuka.

— Afisa amesema unakaa kwenye udongo. Kwa dada ndiko kwenye udongo wenyewe.

— Basi utakuwa na wagonjwa sehemu zote mbili, alisema Kisu, akakaa. Lakini angalau wote watakuwa sawa.

Simu ya Soli ikalia. Ilikuwa ndani ya sanduku, juu ya misumari, na misumari yote ikatetemeka kama ina homa. Wote wakainama kutazama kioo. Dada.

— Usipokee, alisema Wakili. Kikao hakijafikia uamuzi.

— Ni dada yangu!

— Ndiyo maana usipokee. Ukipokea utasema ndiyo.

Soli alijua kwamba hilo ni kweli tupu. Aliutazama mkono wake ukiwa hewani juu ya simu, akauona kama mkono wa mtu mwingine, mwoga. Simu ikalia mpaka ikanyamaza. Baada ya muda mfupi ikalia tena. Shangazi alikuwa anasonya, polepole, kama mtu anayepoza kitu.

— Mnajua kosa letu liko wapi? alisema Wakili, haraka. Tumekubali kwamba ni mbuzi. Ugonjwa wa mbuzi ni wa mbuzi, ndivyo ulivyoandikwa. Mimi Jumatatu naingia kwenye taipureta, nawaandikia cheti. Kuanzia hapo ni mbwa. Ugonjwa wa mbuzi hauna mamlaka juu ya mbwa.

— Na siku wakilia mee?

— Lafudhi, alisema Wakili. Ya huko walikotoka.

Safari hii hata Shangazi alicheka, akamwaga kahawa kidogo kwenye makaa. Moshi ulipopungua, alikuwa hacheki tena.

— Haya, nimewasikiliza tangu asubuhi. Birika la kwanza limekwisha, la pili liko nusu. Kisu unasema awachukue?

— Awachukue.

— Daktari?

— Awachukue, kwa ajili ya utafiti.

— Wakili?

— Kwa masharti, awachukue.

— Vizuri. Nani kati yenu atakaa nao kwake wiki moja tu, Soli ajipange?

Kisu akakumbuka kwamba bucha na mbuzi hai havikai pamoja, afya ya jamii hairuhusu. Daktari akakumbuka kwamba mkewe ana pumu. Wakili akakumbuka kwamba yeye ni mpangaji. Na jinsi walivyokuwa wepesi wa kukumbuka, ndivyo walivyokuwa wepesi wa kugeuka: dakika tano baadaye benchi zima lilikuwa linashangaa mtu mwenye akili timamu angewezaje kuingiza maradhi kwenye zizi la mke wake.

— Ni hatari, bwana, alisema Kisu kwa uchungu. Fikiria yule mwenye mimba.

— Ningekuwa mimi, nisingethubutu, alisema Daktari.

Soli akajisikia vibaya na nafuu kwa wakati mmoja. Watu wazima watatu wamefikiri, wamesema hapana. Si yeye tena, ni kikao. Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Akatoa simu kwenye misumari.

— Nampigia.

— Hupigi, alisema Wakili. Unaandika. Ukipiga utalia. Andika kama ninavyokwambia. "Kwa heshima na taadhima, dada."

Soli akaandika kwa kidole gumba kilichojaa gundi, herufi moja moja.

— "Baada ya majadiliano marefu na ya kina, familia imeona..."

— Familia?

— Sisi. Andika. "...imeona kwamba kwa sasa hatuna nafasi ya kupokea wagonjwa."

— Mbuzi wagonjwa.

— Barua rasmi haitaji mbuzi. Inashusha hadhi. Yeye anajua habari ni ya nini. Malizia, "Wako katika ujenzi wa familia."

Soli akautuma ujumbe. Kisha akachukua kile kiatu na, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akakitia sindano. Alishona mishono sita, ikapinda yote.

Hazikupita dakika ishirini, pikipiki ikasimama mbele ya bucha. Aliyekuwa nyuma hakushuka kama watu wengine wanavyoshuka. Alimwamuru dereva azime injini, akamshika bega kwa mkono wa kulia, akatua mguu mmoja, akafikiri, akatua wa pili. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na mitano hivi, amejifunga kanga vizuri. Dereva alimshushia begi kubwa la nguo, akaliweka miguuni pake.

Soli akasimama mpaka kichwa kikagonga turubai.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba.

Shikamoo nyingine tatu zikafuata kutoka benchini, moja baada ya nyingine, kama watoto wa darasa moja. Akazipokea zote kwa marahaba moja. Kisha akatoa simu kifuani, akainyoosha mbali na macho, akasoma kwa sauti:

— "Kwa heshima na taadhima, dada. Baada ya majadiliano marefu na ya kina, familia imeona." Akainua macho. Familia gani? Huyu mwenye damu tumboni?

Kisu akafunika aproni kwa mikono.

— "Hatuna nafasi ya kupokea wagonjwa." Nilikuwa nimeshapanda pikipiki ujumbe huu ulipoingia. Nimeusoma njiani, mara mbili. Nimepiga simu mara mbili, hukupokea. Nikasema labda yuko kazini, nimfuate. Kumbe yuko kikaoni.

— Dada, ni mbuzi. Tulikuwa tunazungumzia mbuzi. Neno mbuzi limetolewa...

— Nani amelitoa?

Wakili akawa anasoma karatasi yake, ambayo haikuwa na maandishi.

— Mbuzi hawapo, alisema dada. Jirani yangu ana mbuzi wenye majipu hayo hayo tangu mwaka juzi. Afisa wa kwetu akasema kama ni kuwahamisha, basi waende kwa wagonjwa wenzao, wasipelekwe kwenye zizi zima. Jana alasiri wakaenda. Wakubwa wawili waliozidiwa watachinjwa mbele ya mkaguzi. Wamemaliza habari yao.

— Jana alasiri? Soli hakuamini. Lakini ulinipigia magharibi! Walikuwa wameshaondoka?

— Walikuwa wameshalala.

— Sasa kwa nini uliniambia niwachukue?

Dada alilitazama benchi, tofali, birika, akawatazama watu wote mmoja mmoja. Alipoongea tena alikuwa hana ile sauti ya kusoma.

— Mwanangu ni mtoto mzuri, alisema. Ana ngazi arobaini na nane. Nimezipanda mara moja, goti likavimba siku tatu. Nikasema nina mdogo wangu. Lakini mtu huwezi kumwambia mdogo wako, nichukue. Kwa hiyo nikataja mbuzi. Nikasema, akiwakubali hawa na majipu yao, basi nami naweza kufungua mdomo. Akiwakataa, nitajua.

Akaifumbata simu kiganjani.

— Haya, nimejua. Ila swali moja, kwa sababu naona mko wengi na mna elimu. Mbuzi mmewakataa kwa sababu wanaumwa majipu. Hiyo ni sababu nzuri, hata mimi ningewakataa. Mimi naumwa nini?

Daktari alifungua mdomo, kwa mazoea ya miaka, akaufunga bila kutoa jina la ugonjwa. Kisu aligundua kwamba bucha liko wazi na halina mtu, lakini hakuthubutu kusimama. Wakili alikunja karatasi mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikakataa kukunjika.

Soli alikuwa anatazama bendeji. Mwezi mzima alikuwa anajua kwamba mkono umevunjika, na mwezi mzima alikuwa analijua jambo hilo kama mtu anavyojua bei ya ngozi. Likamjia jambo ambalo hakulifikiria miaka mingi. Alikuwa na miaka sita au saba, mama yao amekwishafariki, akarudi kutoka kucheza na upele mwili mzima. Wenye nyumba waliyopanga wakasema mtoto alale nje mpaka apone, wasije wakaambukizwa. Dada, msichana wa miaka kumi na tano, akatoa mkeka wake, akaenda kulala naye kule nje chini ya upenu. Baada ya wiki naye akaanza. Walijikuna wote wawili mwezi mzima, wakishindana nani atafika mgongoni kwa mwenzake. Yeye, Soli, alikuwa amekumbuka sehemu ya mchezo tu. Sehemu ya mkeka ilikuwa imempotea.

— Huumwi kitu, dada, alisema.

— Sikuomba pole. Nimeuliza swali.

— Sina jibu.

— Basi angalau umesema kweli, alisema dada. Ndiyo neno la kwanza la kweli tangu nishuke hapa.

Shangazi alikuwa ameshaondoka kwenye kigoda chake. Akakifuta kwa pindo la kanga, akakisogeza kwa mgeni, akalipindua birika mpaka mwisho. Ikatoka nusu kikombe, nyeusi, na machicha.

— Kahawa ndiyo hiyo tu, mama. Hawa wameimaliza wakiwajadili mbuzi wako.

Dada alikaa, akainywa kwa mkono mmoja bila kukunja uso. Alipomaliza, Soli alikuwa amekwishafunga sanduku lake. Adhuhuri ilikuwa haijafika, viatu vya watu vinne vilikuwa havijaguswa, na mtaa mzima unajua Soli hafungi kabla ya jioni hata akiwa na homa. Akaliinua begi. Lilikuwa zito, halikuwa begi la mtu anayekwenda kutembea.

— Twende, dada.

— Unajua mkeo atasema nini?

— Sijui, alisema Soli. Lakini safari hii namwuliza yeye. Siulizi hapa.

Walikwenda polepole, kwa mwendo wa lile goti. Mkewe walimkuta uani anasuuza ndoo za maziwa. Akaona begi, akaona bendeji, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa amejitayarishia hotuba njia nzima na sasa hakumbuki hata mwanzo wake.

— Mbuzi wako wapi? aliuliza mke.

— Hakuna mbuzi. Ni dada tu.

— Dada tu? Mke akaweka ndoo chini kwa nguvu. Unamwita hivyo, "dada tu"? Wifi, karibu. Umekula?

— Kahawa.

— Ya pale benchini? Ile si chakula. Akalitwaa begi kwenye mkono wa Soli, akamwambia bila kumgeukia: Wewe katoe ngozi zako kwenye kile chumba cha nyuma. Zote. Na lile kopo la gundi.

Soli alitoa ngozi mpaka jua likaanza kupoa. Alipofika kwenye rundo la mwisho aliwasikia wanawake wawili wakicheka jikoni, na kwa jinsi walivyoshusha sauti alipokaribia, alijua wanausoma ule ujumbe.

Kesho yake asubuhi mpwa wake akapiga simu, ana wasiwasi na amekasirika kidogo. Alikuwa amesimama nje ya mlango uliofungwa, na jirani amemwambia mama yuko kwa mjomba.

— Yuko hapa, alisema Soli. Ni mzima.

— Mpaka lini, mjomba? Tulikuwa tumeshapanga.

Soli akatazama chumbani. Dada alikuwa amekaa kitandani, anajifunga bendeji upya, ncha moja ameishika kwa meno.

— Hilo halina kikao, mpwa wangu, alisema.

— Nani huyo? dada akauliza, bendeji ikiwa bado mdomoni.

— Mwanao.

— Mwambie ufunguo wa mlango uko kwa jirani. Aingie, anibebee godoro langu aje nalo. Hili lenu lina mabonde.